Kumuaga Mwalimu Phoebe Nakhumicha na Kinasa Sauti Chake

Mheshimiwa Diwani wetu, Bwana Afisa wa Elimu uliyekubali kuacha shughuli za mjini uje kwetu, Mzee Haron Were mwenyekiti wa kamati ya shule, mchungaji uliyetufungulia kwa sala, walimu wenzangu, wazazi wa Waithaka na Dagoretti, na ninyi wanafunzi mlioketi nyasini kwa kuwa viti vyote tumewapa wageni: nawaamkia nyote kwa heshima.

Mimi Shem Muthama, mwalimu mkuu wa shule hii, nimepewa leo kazi ambayo nisingeiomba: kumuaga Mwalimu Phoebe Nakhumicha, anayestaafu na kurudi kwao Kimilili. Waliotangulia wamesema kwamba ni mpole, ni mcha Mungu, na hachelewi kazini. Ni kweli tupu. Lakini walimu wapole ni wengi. Mimi nataka kuwaeleza alichokifanya mwaka wa 1969, maana wengi wenu mnaifurahia shule hii bila kujua ilibadilishwa na nini.

Mwaka ule tulikuwa na kinasa sauti kimoja, cha betri, tulicholetewa ili watoto wasikilize matamshi ya Kiingereza. Tulikitunza sana. Tulikitunza hivi kwamba kilikaa kabatini, kimefunikwa kitambaa, na kilitolewa tu mkaguzi alipofika. Walimu wenzangu, mbona mnainamisha vichwa? Ni shule gani isiyokuwa na kabati kama hilo?

Darasa la saba alikuwamo msichana aitwaye Njambi. Asubuhi moja, akija shuleni, alikutana na ng'ombe wakipelekwa machinjioni. Fahali mmoja akachomoka kundini, akamkanyaga. Nyonga ikavunjika. Alipotoka hospitali alikuwa amefungwa plasta kutoka kiunoni hadi mguuni, akaambiwa alale chali kwa miezi, na mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa mwaka uo huo.

Mwalimu Phoebe alikwenda kumfundisha nyumbani. Njambi akageukia ukuta. Akaenda tena, na tena, mtoto hasemi neno. Jirani zake walikuwa wakija wanamlilia kama mtu aliyekwisha kufa. Angezungumza na nani?

Basi Mwalimu akaja ofisini kwangu.

"Mwalimu mkuu, naomba kinasa sauti."

"Mkaguzi anakuja?"

"Hapana. Nataka kunasa somo langu la hesabu, nimpelekee Njambi."

Nikampa. Akaliweka somo kwenye tepu mbele ya darasa, jioni akatia mashine kwenye kiondo chake cha mboga, akaipitisha kwa kina Njambi alipokuwa akirudi kwake Woodley. Akamwonyesha kitufe cha kusikiliza na kitufe cha kunasa, akamwambia, "Ukiwa na neno, sema na hii. Mimi naenda zangu."

Asubuhi akakichukua, akaja akakifungua darasani. Kwanza tulisikia kuku. Halafu sauti ya Njambi, imekasirika: "Mwalimu, umesema 'tazameni hapa.' Mimi nitatazama wapi?"

Darasa zima likacheka. Mwalimu Phoebe hakucheka. Akawageukia, akauliza, "Na ninyi mliotazama, mliona nini? Nani atamweleza Njambi ile pembetatu ya ubaoni kwa maneno?"

Wageni waalikwa, nilikuwa nimesimama mlangoni. Hakuna mkono ulioinuka. Watoto wale walikuwa wamenakili ubao mzima kwa mwandiko mzuri, na hakuna hata mmoja aliyejua alichokinakili. Nilimwona Mwalimu akiufuta ubao, taratibu, akaweka chaki chini. Akaanza somo upya kwa mdomo wake peke yake.

Tangu siku hiyo darasa lilikuwa na watu wawili wakali: mwalimu na sauti ya mashine. "Rudia hapo." "Umekimbia." "Hiyo nusu imetoka wapi?" Na wale waliokuwa wanaogopa kuchekwa wakaona kwamba Njambi anauliza na hachapwi, bali anajibiwa. Wakaanza nao. Mimi nimefundisha Machakos, nimefundisha Eastleigh, na sikuwahi kusikia darasa lenye kelele nzuri kama ile.

Lakini je, jambo jema lilipata kupita bila mizozo? Kamati iliitana. Mzee Haron, naona unacheka, cheka, nitasema. Mzee alisimama akasema, "Hii ni mali ya serikali. Inazungushwa kwa kikapu na sukuma wiki. Ikiharibika, nani ataulizwa?"

Mwalimu Phoebe akajibu, "Mimi."

"Na ukifutwa kazi?"

"Nitafutwa nikiwa nimeitumia."

Ndipo mama yake Njambi, anayeuza matumbo pale sokoni Dagoretti, akaomba kusema. "Mimi sijui mambo ya serikali. Mtoto wangu alikuwa ameacha kuongea na mimi, hata chakula anarudisha. Sasa anabishana na mwalimu siku mzima. Nikiwa jikoni nasikia vile anabishana, nalia kwa furaha. Mkichukua hiyo mashine, mje nyinyi mumwambie."

Mzee Haron aliketi. Juma lililofuata ni yeye aliyeleta betri mpya, na hakumwambia mtu.

Siku ya mtihani Njambi aliletwa akiwa amebebwa kwenye kiti, mguu ukanyooshwa juu ya dawati la pili. Hakuwa wa kwanza. Alifaulu, akaitwa sekondari, na darasa lile likatupa matokeo ambayo shule hii haikuwa imeyaona. Leo yuko pale nyuma, amevaa gauni la buluu, anachechemea kidogo. Anafanya kazi mjini kwenye simu za masafa, akiwaunganisha wapigaji. Ninyi mnaowapigia ndugu zenu Kisumu au Mombasa, huenda mmeshajibiwa na sauti yake.

Bwana Afisa, tunasikia kwamba redio zaidi zitaletwa mashuleni, na siku moja hata televisheni. Zije. Ila tuletee pia walimu wasioogopa kuulizwa na mtoto.

Mwalimu Phoebe, tumekununulia blanketi na kiti cha kupumzikia, lakini najua havikutoshi. Kwa hiyo nawaomba, wanafunzi, nikimaliza msipige makofi. Kila aliye na swali ainue mkono, na Mwalimu atajibu mpaka achoke mwenyewe.

Nawashukuru nyote kwa subira na masikio yenu. Naona mikono imeshainuka, acha nikae.