Miiba ya Rangi: Maisha ya Mama Eufrasia Wanzagi (1939–1995)

Safari ya Mama Eufrasia Wanzagi inayofika mwisho hapa Nyakato leo, Jumapili tarehe 11 Juni 1995, ilianzia Butiama tarehe 14 Machi 1939. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Burito Wanzagi na Mama Penina Nyamhanga.

Alisoma kwa masista hadi darasa la nane. Alipenda kuhesabu mno. Siku moja alihesabu ng'ombe wa jirani kwa sauti, jirani akaja kumshtaki, maana ng'ombe wa mtu hawahesabiwi hivi hivi. Baada ya mafunzo ya takwimu Dar es Salaam aliajiriwa Musoma mwaka 1963.

Tarehe 8 Agosti 1964 alifunga ndoa na Bwana Kasmiri Wambura, fundi baiskeli; mtoto wao wa kwanza ni Hana.

Mwaka 1984, akiwa ofisi ya mipango ya mkoa, alipewa kazi ya kuunganisha takwimu za Maji, Afya na Kilimo. Kila idara ilifungia zake kabatini. Aliziomba, akabembeleza, akazipanga kwa majina ya vijiji, akafurahi. Mkoa ulikuwa na pampu moja tu ya kisima ya kugawa, na nyingine haikujulikana ingekuja lini. Kijiji cha Kirumbe, upande wa Mugeta, kilikuwa na watoto wengi wanaoharisha, wawili wamekwisha kufa. Lakini jedwali la Mama lilionyesha maji yake ni safi, kwa hiyo pampu ikapangiwa kwingine.

Jambo hilo lilimkosesha raha. Alimwuliza Bwana Enoka wa Maji.

"Tumepima wenyewe, Mama Hana," alisema Enoka. "Labda hao watoto wanakula vibaya."

Petroli hakuna, Mama akapanda nyuma ya baiskeli ya mumewe kutoka Bunda hadi Kirumbe kujionea. Tairi lilijazwa majani kwa kukosa mipira. "Nikichoka utanibeba wewe," Bwana Kasmiri alimwambia.

Kirumbe walimkuta Ghati, mama wa mmoja wa wale watoto waliokufa, akichota maji lamboni, ng'ombe wamesimama humo humo. Mama akauliza kisima kilichopimwa kiko wapi.

"Kile? Si tulikiacha ng'ambo ya mto tulipohamishwa mwaka sabini na nne! Jina tulikuja nalo, kisima kikabaki. Sisi tunachotaga hapa. Afisa wenu kawapimia fisi maji."

Mama hakucheka. Jedwali lilikuwa lake.

Aliporudi alitundika ramani ukutani na kuziita idara zote tatu. Pini hazikupatikana mjini, akatumia miiba ya mgunga aliyoichovya kwenye wino: bluu ya Maji, nyekundu ya Afya, kijani ya Kilimo. Kila mmoja alichomeka mwenyewe, si kwa jina, bali mahali hasa anapopajua. Kwa Kirumbe, mwiba wa bluu ukabaki peke yake ng'ambo ya mto. Miiba myekundu ya watoto wagonjwa ikasongamana upande wa huku, kijiji kilipo.

"Basi pampu iende kwenye nyekundu," akasema Enoka.

Ilifungwa Kirumbe Februari 1985. Tangu hapo idara zilikutana mbele ya ramani hiyo kila mwezi. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa ofisini, Mama aliuliza, "Na hii inaongea na ya Maji?" Alipunguzwa kazini mwaka 1993, na ramani ikashushwa ukuta upakwe rangi.

Shinikizo la damu lilimwanza mwaka 1991. Alipata kiharusi na kufariki hospitalini Musoma, Ijumaa tarehe 9 Juni, saa kumi alasiri.

Ameacha mume, watoto watatu, Hana, Rafaeli na Ursula, na wajukuu sita. Jana Mama Ghati na wenzake waliwasili kutoka Kirumbe na madumu ya maji ya pampu ile, kwa kuwa msibani watu hawaji mikono mitupu. Chakula cha leo kimepikwa kwa maji hayo.

Mungu amlaze pema, naye apumzike.