Jiwe la Watu Wawili

Samahani inatangulia. Kisa hiki kilistahili msimuliaji mwenye sauti ya kuliza watu, lakini kimeangukia kinywa kilichozoea kuchekesha, kwa hiyo mkicheka mahali pa kulia msione haya. Kilitokea asubuhi, kwenye benchi lililo kati ya karakana mbili zinazotazamana na lango la makaburi. Upande huu yuko Patasi, mchonga mawe ya makaburi. Upande ule yuko Vipimo, seremala wa majeneza, mtu ambaye ukimsalimia anakutazama kwanza mabega, kisha urefu, ndipo aitikie. Katikati hukaa Hakimu, ambaye hajawahi kuwa hakimu hata siku moja. Alikuwa tarishi wa mahakama miaka ishirini na sita, akakumbatia mafaili mpaka sheria ikamwingia kupitia makwapani. Kahawa ni ya Bibi Birika, anayeuza akiwa amesimama, kwa sababu anasema akikaa na wale wazee atazeeka.

Siku hiyo Patasi alikuwa na jiwe miguuni, limefunikwa gunia. Halikuwa la mteja. Lilikuwa la mwanawe wa pekee, fundi umeme aliyekufa juu ya nguzo miezi saba iliyopita. Na kulikuwa na siri ambayo wateja hawaijui ila benchi zima linaijua: macho ya Patasi yameliwa na vumbi la mawe. Mtu akisimama mbele yake anamwona kama nguo iliyoanikwa nyuma ya pazia. Kwa miaka miwili mkaza mwanawe, mke wa huyo marehemu, ndiye aliyekuwa akimchorea herufi kwa penseli nene, kisha anamshika kidole, anakipitisha juu ya mstari mara moja, na patasi inafuata njia hiyo bila kupotea. Sasa kaka wa yule binti anakuja saa sita kamili na gari, kumchukua dada yake arudi kwao.

— Haendi, alisema Patasi. Jana alipokwenda sokoni niliongeza jina lake kwenye jiwe, chini ya jina la mumewe. Nimechonga mwenyewe, bila kuchorewa. Tarehe ya kuzaliwa ipo, na pembeni nimemwachia nafasi. Jina likishaingia kwenye jiwe, mtu anaondokaje?

— Jina la mtu anayepumua? Vipimo aliuliza.

— Maandiko yanasema! Yule mjane wa zamani kule kwa Waebrania, mumewe alipokufa, si alimng'ang'ania mama mkwe wake? Si alimwambia watakwenda wote, watalala nyumba moja, hata kaburi litakuwa la pamoja? Huo ndio uaminifu. Mimi nimemrahisishia kazi tu.

Hakimu alikohoa kikohozi chake cha mahakamani, kile cha kuwaamsha wasikilizaji.

— Kwanza tuweke kumbukumbu sawa. Wakwe walikuwa wawili. Mmoja akabusu, akalia, akageuka. Mwingine akabaki. Kisheria, ndugu zangu, pale palikuwa na shamba. Marehemu aliacha shamba. Yule aliyebaki alimfuata shahidi. Ukimpoteza mama mkwe, umepoteza kesi.

— Yaani mapenzi yote yale ni hati ya shamba? Bibi Birika alidakia.

— Mama, nimebeba mafaili ya wajane mpaka bega limepinda. Hakuna aliyelia bila ramani.

— Nyie hamjaiona hesabu, Vipimo alisema, akishusha sauti. Katika nyumba ile walikufa wanaume wangapi? Baba mmoja, wana wawili. Majeneza matatu, nyumba moja, miaka kumi. Na hakuna aliyeuliza walikuwa wanakula nini! Mimi nikiagizwa jeneza la pili kutoka mlango uleule, nabisha hodi jikoni.

— Wewe! Unamshuku bibi wa watu kwenye maandiko matakatifu? Patasi aling'aka.

— Simshuku. Nauliza aliyepika. Na nawaambia zaidi: wale wakwe wawili njiani walipiga kura. Kijiti kirefu, kijiti kifupi. Aliyepata kifupi ndiye akapewa yale maneno mazuri ayaseme, ili isionekane ameshindwa. Yule mwingine alikuwa anakimbia, bwana! Machozi yale yalikuwa ya furaha!

— Pingamizi! Hakimu alisimama kabisa, kahawa ikamwagikia kiatu. Yule aliyegeuka hakukimbia. Alitumwa! Alirudi kwao kama jasusi, akawapelekea watu wake habari kwamba njaa imekwisha na mlango hauna mwanamume. Jiulize kwa nini hatajwi tena. Majasusi hawatajwi!

Walicheka wote, na Patasi alicheka nao, kicheko kirefu cha mtu asiyetaka kuwa wa kwanza kunyamaza. Bibi Birika peke yake hakucheka. Alikuwa akimimina, na aliendelea kumimina huku akisema.

— Mmeruka kipande.

— Kipi?

— Kabla yule binti hajafungua mdomo kuahidi kitu, mama mkwe alisemaje? Aliwaambia warudi kwao. Akawaombea heri, akawaambia tena. Akawaambia tena. Mpaka mmoja akasikia. Aliyebaki alibaki mlango ukiwa wazi. Wewe, Patasi, huyu binti umemwambia mara ngapi?

Patasi aligeuza kikombe chake kilichokuwa kitupu tayari.

— Ile ilikuwa adabu tu, alisema. Kama kumwambia mgeni asiharakishe.

— Mara ngapi?

— Bibi, mimi akiondoka nani atanishika kidole? Ndani ya mwezi mmoja mji mzima utajua. Nitakufa njaa na patasi mkononi.

Huo ulikuwa ukweli, na ukweli ukishasemwa hauna mzaha wa kuuvalisha. Na hapo hapo mkaza mwana akatoka vyumba vya nyuma ya karakana ya Patasi, akifuta mikono kwenye kanga. Aliwaamkia wazee mmoja mmoja. Kisha akalitazama gunia.

— Baba, hili ni la mume wangu? Umelimaliza? Nani amekuchorea?

— Nimejichorea, mwanangu. Funua.

Alifunua. Alichuchumaa akasoma, midomo ikitembea. Akasoma tena kutoka juu, polepole, kama anavyosoma kazi za wateja kabla hazijachukuliwa. Hakupiga kelele. Aliuliza kwa sauti ile ile anayoulizia kama chumvi imetosha:

— Baba, mimi nilikufa lini?

Hakimu, mwenye jibu la kila swali tangu dunia iumbwe, alianza kufunga kamba za kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Vipimo alitazama chini, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakumpima mtu.

Patasi alipiga magoti. Kidole chake kilipita kwenye mstari wa mwanawe: jina, kuzaliwa, kufa. Kikashuka kwenye mstari wa chini: jina la binti, kuzaliwa. Halafu kikangoja kukuta jiwe laini, kikatumbukia. Siku. Mwezi. Mwaka. Sawasawa na juu. Jana alikuwa akichonga kwa kupapasa, mkono wa kushoto kwenye mstari wa mwanawe ili apate kimo cha herufi, mkono wa kulia na patasi chini yake. Mkono wa kushoto ulifika mwisho wa mstari, na wa kulia ukaufuata, kama ulivyofuata kwenye mawe yote ya maisha yake. Alikuwa amemuua binti siku ile ile ya mumewe, kwa herufi nzuri kabisa.

Alianza kuifuta tarehe ile kwa kiganja.

— Kaka yako anakuja saa ngapi? aliuliza.

— Saa sita, baba.

— Nenda ukafunge mizigo.

— Na wewe?

— Rudi kwenu, mwanangu.

Binti hakujongea. Alisema anaweza kukaa mpaka mwisho wa mwezi, kuna yale mawe mawili ya wateja. Patasi akatikisa kichwa.

— Rudi kwenu.

— Baba, herufi...

— Nimesema rudi kwenu. Hii ni ya tatu. Usinifanye nihesabu, sioni vidole.

Binti aliinama, akamshika mkwewe kiganja, akakibusu, akaingia ndani. Wakasikia sanduku likiburutwa kutoka uvunguni, kisha kabati likifunguliwa. Bibi Birika alikung'uta birika. Yalitoka machicha ya kahawa tu. Hakuna aliyeinuka.

Mwishowe Vipimo alishindwa kuvumilia.

— Lakini Patasi, fundi mkubwa kama wewe, miaka yote hii! Ulikosea wapi?

Patasi alikuwa bado anafuta vumbi kwenye ile tarehe kwa kiganja, kama litatoka.

— Miaka thelathini na minne nasubiri watu wafe ndipo niwachonge, alisema. Wabaya, wezi, hata waliotukana mawe yangu, wote niliwasubiri. Mkwe wangu mwenyewe ndiye niliyemwona anachelewa.