Sauti ya Zoraida Peñalver Katika Ukumbi wa Wasokotaji

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kiwanda, ndugu Katibu wa chama chetu cha wafanyakazi, wageni wetu mliopanda basi kutoka Santa Clara mkafika na mashati yaliyolowa jasho, wasokotaji wenzangu wa mabenchi yote, na wewe Dada Zoraida Peñalver, ambaye leo umekatazwa kabisa kugusa kipaza sauti: nawasalimu nyote.

Jina langu ni Nereida Cabrales. Nasokota sigara benchi la nne, upande wa dirishani. Wenzangu hawakunichagua kumuaga Dada Zoraida kwa ajili ya ufasaha. Walisema tu, "Mpeni Nereida, ana mdomo huyo." Basi leo niacheni niutumie.

Ndugu zangu, kazi yetu ni ya vidole. Vidole vikishaijua, havihitaji tena kuambiwa. Vinatandaza jani, vinakunja, vinakata, na kichwa kinabaki hakina la kufanya. Na kichwa cha mtu kikikosa la kufanya kinakwenda wapi? Kinakwenda kwenye bomba lililoziba nyumbani, kwenye maneno ya mama mkwe, kwenye ugomvi wa jana ambao ulikuwa umekwisha, kikaufufua. Waliotutangulia katika mabenchi haya waliliona hilo, wakadai wawekewe mtu wa kuwasomea. Asubuhi gazeti, baada ya chakula, riwaya. Na kwa miaka mingi, mtu huyo hapa kwetu Placetas amekuwa ni Dada Zoraida.

Alitusomea nini? Mniulize asichotusomea! Alipotusomea riwaya za mapenzi, Obdulia wa benchi la kwanza aliacha kumfokea mumewe kwa muda wote wa kitabu, hata mume akaja hapa mlangoni kuuliza mkewe anaumwa nini. Alipotusomea za mizimu, wanaume wazima waliomba wasindikizwe stoo. Na zile za upelelezi? Mnakumbuka yule muuaji wa sumu aliyeitwa Rigoberto? Mlinzi wetu wa getini, ambaye hajawahi kuua hata mende, naye ni Rigoberto. Hadi kitabu kilipokwisha, hakuna aliyekunywa kahawa yake! Maskini alikuwa akitembea na birika lake, "Jamani, ni mimi, mnanijua," nasi tunamjibu, "Tunakujua, mzee, ndiyo maana."

Tunacheka, lakini nawauliza: ni kitu gani kingine kimewahi kuwatia watu wa ukumbi mzima hofu moja, hamu moja, na kicheko kimoja, wakati nusu yao hawapeani hata salamu?

Sasa kuna mtu mmoja hapa ambaye hakucheka. Mzee Eulogio Santiesteban, msokotaji wa benchi la tatu, yule pale safu ya pili anayeniangalia kwa jicho kali. Nimemwomba ruhusa nimtaje. Akanijibu, "Taja, lakini usinifanye mtakatifu." Sitakufanya, mzee wangu, hata nikilipwa.

Kila mgeni hapa na afahamu desturi yetu. Tukipenda tulichosomewa, tunagonga mbao kwa chaveta, visu vyetu hivi vipana vya kukatia majani. Tusipopenda, tunaviangusha sakafuni. Mzee Eulogio alikuwa akingoja gazeti liishe, riwaya ianze, kisha anaangusha chake. Kang! Kila siku. "Uongo mtupu," anasema. "Mtu mzima na akili zake analilia watu ambao hawapo!" Na Dada Zoraida, bila kuinua macho, anamjibu, "Okota kisu chako, Eulogio, utamkata mtu mguu," kisha anaendelea kusoma.

Wote tulijua kidonda chake kilipo. Binti yake wa pekee, Yamilé, alikuwa ameolewa na mtu ambaye baba hakumtaka, wakaenda kuishi Uruguay. Siku ya kuondoka, mzee alimwambia, "Ukivuka mlango huo, mimi sina mtoto." Yamilé akavuka. Kila alipopiga simu kwa jirani, jirani akapiga hodi, mzee alijibu, "Mwambie nimelala." Mchana kweupe, amelala! Hapa kiwandani hakuna aliyethubutu kumgusia habari hiyo. Mkewe alijaribu akaambulia kununiwa. Padri alijaribu akafungiwa mlango.

Ikatokea tukachagua kwa kura riwaya ya safari za kwenye nyota. Kura ilipita kwa taabu, maana Obdulia alipiga kelele, "Mambo ya nyota yanatuhusu nini sisi tunaonuka tumbaku?" Dada Zoraida akasema, "Nipeni mchana mmoja tu. Mkichoka, nafunga."

Hatukuchoka. Kilikuwa kisa cha nahodha mwanamke aliyerusha chombo chake mbali na dunia, akawa anamtumia baba yake salamu ambazo zilichukua miaka kufika. Na baba yake, fundi saa, anazisikiliza zote, kisha anazima mashine bila kujibu, kwa sababu alimkataza asiende naye akaenda. Salamu ya kwanza, hajibu. Ya pili, hajibu. Hata visu vinakata polepole. Dada Zoraida anasoma salamu ya tatu, sauti ya binti imeanza kuwa ya mtu mzima. Mara tukasikia mtu anapaza sauti nyuma yetu:

"Mjibu, wewe mpumbavu! Unangoja nini?"

Alikuwa Mzee Eulogio. Amesimama, jani limechanika mkononi. Hakuna aliyemkodolea macho, maana wote tulielewa. Naye akasikia mwenyewe alichokisema. Akakaa. Akatazama mikono yake. Kisha akainuka akatoka nje, na Dada Zoraida akafungua ukurasa uliofuata kama vile hakuna kilichotokea. Huo ndio uungwana wake.

Kesho yake Mzee Eulogio alimfuata Dada Zoraida kwenye foleni ya kahawa. Mimi nilikuwa nyuma yao, nilisikia kwa masikio yangu haya.

"Zoraida, yule mzee atajibu au hajibu?"

"Najua, lakini sikuambii."

"Nakuomba."

"Nenda kamjibu wa kwako kwanza, halafu uje uniulize."

Jioni ile alikwenda kwa jirani kupiga simu mwenyewe. Tulimuuliza walizungumza nini. Akasema, "Hakuna. Nilimuuliza kama anakula. Akasema ndizi za huko hazina ladha. Nikamwambia nilijua tu." Basi. Miaka yote ile ya kiburi, na kilichoivunja ni ndizi.

Na fundi saa wa kitabuni? Alijibu. Lakini jibu lake lilipofika, binti alikuwa ameshapita umri aliokuwa nao baba yake siku alipomwacha. Mzee Eulogio alifuta macho yake, akasema ni tumbaku.

Ndugu wageni, baadaye akaja meneja mmoja, sasa hayupo nasi, akatuitisha mkutano. Akasema riwaya ziondolewe, uwekwe muziki wa redio, kwa sababu hadithi za kubuni ni za watoto, na mfanyakazi anahitaji ukweli. Dada Zoraida alikuwa amekaa pembeni, mikono mapajani. Hakujitetea. Aliyesimama ni Eulogio.

"Bwana Meneja," akasema, "hayo unayosema nimeyasema mimi kabla yako, tena kwa sauti kubwa zaidi. Ukweli wote kuhusu mwanangu nilikuwa nao. Siku aliyoondoka naijua, nchi aliyokwenda naijua, jina la mumewe nalijua. Ukweli huo haukuniinua kitini. Aliyeniinua ni mzee ambaye hajawahi kuzaliwa. Ukituondolea riwaya, nani atanikaripia tena bila kunitaja jina?"

Visu viligonga mbao mpaka vumbi likadondoka kutoka darini. Meneja akasema tuendelee na ajenda nyingine, na riwaya zikabaki. Mwaka uliopita Yamilé alikuja na mume na mtoto, wakakaa mwezi mzima kwa mzee, na mtoto yule alimzungusha babu yake mji wote.

Dada Zoraida, daktari amesema koo lako lipumzike, nasi hatubishani na daktari. Kesho Lisandra Oquendo ataanza kusoma mahali pako. Alitaka umsaidie kuchagua kitabu, tumemkatalia. Kimechaguliwa bila wewe kujua, na yeyote atakayekutajia jina lake tutamhamishia stoo. Umewasomea watu maisha yako yote ya kazi, na sijui kama kuna aliyewahi kukusomea wewe. Kiti chako kiko benchi la nne, karibu nami, penye upepo. Kesho saa saba mchana, njoo ukae, uvue viatu ukipenda. Utasomewa.

Nawashukuru wote kwa kunipa masikio yenu.