Kocha Fatos na Timu Niliyoitaka Mimi

Jumamosi hii, tarehe 13 Juni 2026, Kocha Fatos Lleshi anastaafu baada ya kuinoa Mshikamano FC ya hapa Gaithersburg kwa miaka kumi na tisa. Kamati imeniomba mimi, Wambura, msaidizi wake kwa miaka yote hiyo, niandike wasifu wake kwenye jarida hili la timu. Kijicho ninacho, sifichi. Lakini haki yake nitampa.

Kocha alizaliwa Shkodra, Albania, akacheza beki wa kati kwenye ligi ya kwao miaka tisa, na mara mbili akaitwa timu ya taifa. Goti likamkatisha. Tulikutana Alexandria, ya hapa hapa Marekani, tukipaki magari ya wageni wa hoteli moja, na mimi ndiye niliyemleta kwenye timu. Hilo naomba lisomwe mara mbili. Mwaka 2007 kamati ilikuwa inatafuta kocha, na kocha mtarajiwa alikuwa mimi. Nikamwalika aje siku moja tu kuwaonyesha vijana kupiga kichwa. Baada ya mazoezi mawili yeye akapewa timu, mimi nikapewa koni za kupanga uwanjani. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Haya, mwenyeji bado anaumwa.

Makombe manne ya ligi ya wahamiaji ameleta. Vijana kumi na mmoja wamepata vyuo kwa mpira. Fainali ya 2014 tulicheza na mabeki watatu, wazo langu, tukashinda, na jarida hili likatoa picha yake. Mkono wangu unaonekana pembeni.

Kwenye sherehe ya ushindi huo, Mama Leokadia, mpishi wetu, alimwekea Kocha firigisi, heshima ya baba wa nyumba. Jamani! Mtu akaitazama, akadhani ni takataka iliyosahaulika, akaisogeza kwenye mifupa. Ikaenda jalalani huku naiona. Ningefanya hivyo mimi, kikao kingeitishwa. Yeye kina mama walimcheka tu, na mwaka uliofuata wakamwekea tena. Safari hiyo aliila yote, tena kwa raha zake.

Lililoniuma zaidi ni la mwanangu Ethan. Nyumbani nikimwuliza jambo kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza. Kocha, ambaye Kiswahili amekiokota kwetu, nusu cha Kenya nusu cha Tanzania, akimwuliza goti aliloumia mazoezini linaendeleaje, mtoto anajibu Kiswahili, na shikamoo juu! Nilinuna wiki nzima. Baadaye ndipo nikaelewa. Kocha hamcheki mtoto akikosea, maana na yeye anakosea. Mimi nilikuwa namsahihisha Ethan kila neno.

Mwezi jana kamati ilimwuliza nani ashike timu. Akanitaja mimi. Akasema timu ilikuwa ya Wambura tangu mwanzo, yeye aliiazima tu. Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi, nami nikainuka kushukuru, kumbe wanampigia yeye kwa moyo wake mzuri. Hata siku yangu kaichukua!

Asante, Kocha, kwa kazi, kwa uvumilivu, na kwa kunirudishia timu ikiwa nzuri kuliko ulivyoikuta. Tunakutakia mapumziko mema, wewe na mama, na goti lisikusumbue. Kila Jumamosi uwanja uko wazi kwako. Ombi langu moja tu: ukija, kaa upande wa wapinzani. Ukikaa kwetu, kila tukifungwa vijana watakutazama wewe. Na mimi pia.