Neno la Shukrani kwa Diski Tupu

Kabla sijawasalimu kwa vyeo vyenu, naomba niseme jambo ambalo sijamwambia mtu, hata baba yangu. Nilipomaliza shule na kuomba kujitolea katika maktaba hii, niliandika kwamba napenda vitabu. Navipenda, ni kweli, lakini sikuja kwa ajili ya vitabu. Nilikuja kumtafuta mama.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mkurugenzi, Mama Mkutubi wetu, waheshimiwa watoa mada, ndugu wawezeshaji, na ninyi nyote wa kongamano hili la uhifadhi, mliogawanywa katika vikundi kwa rangi za kadi: shikamooni. Kwa walio rika langu, kama mpo, habari za mchana.

Mama alikuwa akiwasomea watoto hadithi siku za Jumamosi katika chumba kile cha nyuma, na maktaba ikamrekodi kwenye kaseti. Alifariki kabla sijaanza kukumbuka mambo, kwa hiyo nimekua bila kuijua sauti yake. Mwezi uliopita niliikuta kaseti yake moja stoo, nikaiweka kwenye redio ya mlinzi. Alikuwa katikati ya hadithi ya fisi, mara akakatiza: "Jamani, mtoto wa nani huyu anakula kitabu? Hebu toa mdomoni! Aa, kumbe ni wangu." Watoto wakaangua kicheko. Huyo mla kitabu ndiye huyu aliyesimama mbele yenu.

Sasa nishukuru, maana ndiyo kazi niliyopewa.

Naishukuru kamati ya maandalizi. Ilihitaji stoo iwe chumba cha chai ya wageni, ikaamua kaseti zote zichukuliwe leo na gari la taka, kwa kuwa zimekwisha kuhifadhiwa kidijitali. Nani asiyependa maendeleo? Mnaiona diski ile pale mezani, iliyofungwa utepe mwekundu. Mheshimiwa ataipokea muda si mrefu, na makofi tumeshayafanyia mazoezi.

Namshukuru pia mtaalamu wetu wa kompyuta, ambaye ofisini tunamwita Kaka Wingu, kwa sababu ukimuuliza kitu chochote kiko wapi, hukuonyesha juu. Juzi niliifungua diski hiyo nimsikilize mama. Majina ya kaseti zote yapo, yamepangwa vizuri ajabu, lakini hakuna hata moja linalofunguka.

"Kaka, mbona hayafunguki?"

"Aa, mdogo wangu, hizo ni njia za mkato tu. Unabonyeza hapa, zinakupeleka kwenye faili zenyewe, kule kwenye kompyuta ya zamani."

"Na kule zipo?"

"Zilikuwepo. Tumeifuta yote, tupate nafasi ya picha za kongamano."

Ndugu wageni waalikwa, maana yake ni kwamba tumehifadhi kwa uangalifu mkubwa vibao vya kuelekeza kwenye nyumba iliyobomolewa. Picha za kongamano nazo ni nzuri sana. Katika nyingi tunakula.

Nilikwenda kwa Mama Mkutubi. Akanishika bega kwa upole. "Mwanangu, usitutie aibu mbele za wageni. Kongamano hili ni shirikishi. Andika kwenye kadi, ubandike ukutani."

Nikaandika kwenye kadi ya manjano, kwa herufi kubwa: FAILI HAZIPO, KASETI ZISITUPWE. Mwezeshaji akaisoma kwa sauti, akasema, "Makofi ya kilo kwa binti yetu!" kisha akaibandika chini ya kichwa cha "Fursa". Kikundi cha kijani kikapendekeza iundwe kamati ndogo. Kikundi cha buluu kikashauri neno "hazipo" lilainishwe, lisomeke "zipo katika hatua nyingine". Nami nikapiga makofi pamoja nanyi, kwa kuona haya.

Lakini nawauliza, wazazi wangu: katika siku zote hizi tulizokaa hapa tukijadili uhifadhi, ni nani kati yetu aliyebonyeza jina moja, moja tu, akatega sikio?

Mimi si msemaji. Ningeweza kuondoka na ile kaseti moja mkobani, nikanyamaza. Ila kwenye zile nyingine kuna wanaocheka, na walikuwa watoto wa mji huu huu. Nawatazama hapo mlipoketi, naona umri unalingana. Huenda baadhi yenu mmo humo na hamjui. Tena kwenye maboksi hayo hayo kuna mama wa watu wengine, nao walisoma Jumamosi ambazo mama hakuja.

Kwa hiyo, mliporudi kwenye vikundi kulainisha maneno, mimi nilikuwa nabeba maboksi. Yako chini ya meza kuu, nyuma ya kitambaa hicho kizuri kinachofika sakafuni. Mheshimiwa, samahani sana, hilo uliloegemezea miguu ni mojawapo. Endelea tu, ni imara.

Dereva wa gari la taka si mtu mbaya. Ana karatasi yenye mhuri, na mhuri hausikilizi hoja. Akiingia kuuliza maboksi yako wapi, naomba vikundi vya rangi zote tushiriki kwa pamoja, bila kadi: tusimwambie. Iwe siri yetu ya ukumbi huu mpaka tuzinakili kaseti hizo upya, safari hii kwa kuzisikiliza.

Nimesikia honi getini. Asanteni kwa kunisikiliza, na kuanzia sasa hivi, asanteni kwa kunyamaza.