Mzee Évode, Paka Bizu na Mafuta ya Mkaratusi

Baada ya miaka thelathini ya kuwashika wanyama wasiopenda kushikwa, Mzee Évode Nkusi, daktari msaidizi wa kliniki yetu ya wanyama, anastaafu Jumanne, tarehe 30 Septemba 2025.

Alianza hapa Gikondo kliniki ikiwa chumba kimoja nyuma ya gereji. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mbuzi aliyekula kamba yake mwenyewe. Mbuzi alipona, na kamba ilionekana siku ya tatu. Tangu hapo Mzee Évode ameumwa na mbwa mara kumi na nne, na mara zote amemtetea mbwa.

Miaka mitatu iliyopita mkurugenzi wetu, Dokta Kirezi, alirudi kutoka semina na sanduku la mafuta ya kunukia: lavenda, mchaichai, mkaratusi. Kliniki ikanukia kama saluni. Kila mmoja wetu akaongezewa lengo kwenye imihigo, yale malengo ya mwaka tunayoyatia saini: kutumia mafuta katika matibabu ya wanyama mia mbili. Mzee Évode aliuliza kwa adabu kama kupe nao wamearifiwa. Kisha akatia saini.

Mwaka uliofuata alifikisha wanyama mia tatu na kumi, karibu wote wakapona. Akapewa cheti cha mfanyakazi bora. Nami, mwandika ripoti wa kliniki, kwa kutegemea ushindi wake nikatunga kijikaratasi cha wateja kilichosifu mkaratusi kwa kila mnyama, paka akiwemo.

Machi mwaka huu Mama Alida wa Kabeza alifuata kijikaratasi hicho neno kwa neno. Alimpaka paka wake, Bizu, mafuta ya mkaratusi kutoka masikioni hadi mkiani ili kuua viroboto. Viroboto hawakudhurika sana. Paka aliletwa akitokwa na mate, miguu haimbebi, na Mama Alida analia: "Nimeua paka yangu, na karatasi ilisema iko sawa!"

Mzee Évode alimwosha Bizu mara mbili kwa sabuni ya vyombo, akamfunga taulo kavu, akamwekea dripu na kukaa naye kutwa nzima bila kula.

Kesho yake, kwenye mkutano wa asubuhi, akaomba neno. Alikuwa amebakiza miezi sita tu astaafu kwa heshima zake zote. Akatueleza kwamba tone lake la mafuta lilikuwa likienda kwenye pazia la dirisha. Kisha kupe waling'olewa kwa kibano, upele ukatibiwa kwa dawa ile ile ya zamani, na mnyama akaandikwa kwenye daftari la mafuta. Imihigo haikusema mafuta yamguse mnyama. Akasema ukimya wake ndio uliomfikisha paka pale, akaweka cheti mezani.

Wengi wetu tulijua habari za pazia. Hatukutaka kumwudhi mkurugenzi. Sijawahi kuona aibu kama siku ile. Dokta Kirezi aliinuka, akaenda kukusanya vijikaratasi vyote kwa mkono wake.

Basi kwenye sherehe ya kumuaga hakutakuwa na cheti. Atakuja Mama Alida na Bizu, ambaye leo ana afya njema na viroboto wake wote.

Asante, Mzee Évode, kwa kusema pale ambapo kunyamaza kungekufaa zaidi. Kastaafu ukiwa na moyo mtulivu, wewe na jamaa yako. Sisi tunaobaki tutajitahidi kunyoosha mkono mkutanoni kabla paka hajaletwa.