Wazazi wa Bwawa Namba Nne

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Kalekye Nthiwa anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika utafiti wa samaki, kumi na mitano ya mwisho akiwa hapa kituoni kwetu, nje kidogo ya Mukuyuni. Kamati ya sherehe imenipa ukurasa mmoja wa jarida la wafanyakazi na kuniomba niandike mambo ya kuchangamsha. Nitajitahidi, ila nina hasira, na atakayesoma hadi mwisho ataona kwa nini.

Bi. Kalekye, ambaye sote tunamwita Mama Mumbua, alianza kazi mwaka wa 1991 katika kituo cha samaki aina ya trauti huko milimani, kwenye mito ya maji baridi. Msichana wa Mbumbuni, aliyezoea kufukua mchanga wa mto mkavu ili ateke maji, alikuwa hajawahi kumwona samaki akiwa hai. Huko alijifunza kukamua mayai ya trauti, kuwatenga wagonjwa na kumtambua kila samaki mzazi kwa alama iliyokatwa kwenye pezi. Zaidi ya yote alijifunza kwamba anayekua haraka na mwenye afya ndiye anayeachwa azae. Mwaka wa 2010, mabwawa yalipokuwa yakichimbwa kila mahali Makueni, aliletwa nyumbani na kukabidhiwa tilapia wanaovumilia maji yetu ya chumvichumvi.

Vituko havikosekani. Naibu mkurugenzi mmoja alichovya mkono uliopakwa losheni ndani ya tangi la vifaranga wa samaki, naye Mama Mumbua akamshika kiwiko na kumpeleka bombani kama mtoto wa chekechea. Ndege mdiria aliyezoea kujivulia vifaranga asubuhi alifukuzwa na Mama huyohuyo kwa nyimbo za kwaya, sauti ya kwanza, na mlinzi wetu Ben anaapa kwamba ndege huyo alihamia Kitui.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kwetu mgeni hapewi samaki mdogo, ni aibu. Kwa hiyo kila wageni walipokuja, na walikuja sana, meneja wetu wa wakati huo aliagiza wavu upelekwe bwawa namba nne, wanakokaa samaki wazazi, kwa sababu ndiko kulikokuwa na wakubwa. Wakubwa wakaenda jikoni, wadogo wakabaki kuzaa. Mwaka baada ya mwaka tuliwala waliokua haraka, tukawaachia waliodumaa kazi ya uzazi, halafu vifaranga wao tukawapa wakulima tukisema ni mbegu bora. Na hiki ni kituo cha utafiti, kimejaa watu wenye shahada. Hata mimi, fundi wa maabara, niliguguna kichwa cha mmoja wao mpaka mfupa ukang'aa, nikamsifu mpishi.

Malalamiko yalianza mwaka wa 2016. Mkulima mmoja wa Kambu, Bw. Mutisya, alituletea ndoo ya samaki wa miezi minane, kila mmoja akitosha kiganjani. Ofisi ilimwambia kwamba hajui kulisha. Mzee huyo alikuwa amelichimba bwawa lake kwa jembe na sururu, na sisi tukamwita mvivu. Alirudi nyumbani, akalikausha, akapanda sukuma wiki. Sijasikia mtu yeyote wa ofisi yetu akimwomba msamaha.

Mama Mumbua alikataa hilo jibu la chakula. Alianza na magonjwa: akatazama mashavu, ngozi na utumbo wa samaki wale kwa hadubini, akakuta ni wazima. Akapima maji, nayo hayakuwa na tatizo. Ndipo alipochukua kitabu cha wageni kutoka mapokezi na kukifungua kando ya daftari la bwawa. Kila tarehe ya ugeni ilifuatwa na upungufu wa wazazi, na waliopungua walikuwa wale wazito. Aliyasoma hayo kwenye mkutano wa wafanyakazi, tarehe baada ya tarehe, kwa sauti yake ileile ya upole. Meneja alisema amewatusi wageni. Mama Mumbua akaandikiwa barua ya onyo kwa utovu wa adabu na kuhamishiwa stoo ya chakula cha samaki, akakaa huko miezi kumi na mmoja akihesabu magunia. Tulikuwa ishirini na watatu katika mkutano ule na sote tulijua kwamba anasema kweli. Nilikuwa mstari wa pili, na nilinyamaza kama wengine.

Meneja yule alipopata uhamisho, Mama Mumbua alirudishwa bwawani. Likizo yake ya mwaka huo aliitumia kwenda Mwingi kwa Bi. Zulekha Adan, mfugaji aliyechukua vifaranga wetu mwaka wa 2012, kabla mbegu haijaharibika, na ambaye hakuwahi kuwachanganya na wengine. Alirudi na samaki sitini ndani ya mifuko ya oksijeni. Aliwatenga siku ishirini na moja, akawaogesha kwa maji ya chumvi, akawakagua kila asubuhi kama watoto wenye surua, ndipo akawaingiza bwawa namba nne. Kwa miaka sita sasa amezalisha waliokua haraka tu, na wanaokwenda jikoni ni wadogo. Kifaranga wa leo anafika nusu kilo kwa miezi saba. Bw. Mutisya amelifufua bwawa lake.

Utafiti huo wa kurudisha mbegu bora ulichapishwa ukiwa na majina ya watu watano, na watatu kati yao hawajawahi kulowesha hata kiatu hapa kituoni. Jina la Mama Mumbua halimo. Kwenye shukrani wametajwa "wafanyakazi wa kituo", basi.

Mtu angedhani tumejifunza. Wiki mbili zilizopita ofisi ilitoa barua ya maandalizi ya sherehe hii hii: wavuliwe samaki wakubwa kumi na wanane kutoka bwawa namba nne, kwa ajili ya mgeni rasmi na meza kuu. Aliyeandikiwa barua aitekeleze ni yeye anayeagwa. Mama Mumbua aliingia ofisini na viatu vyake vya gambuti vyenye matope na kumwambia meneja wa sasa, "Hao wazazi mkipika, hiyo si sherehe yangu. Hiyo ni matanga, na mimi sikuji."

Agizo lilifutwa. Leo mgeni rasmi atawekewa samaki wa kutosha kiganjani, pamoja na muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, na tunamwomba asiudhike.

Lakini nafasi ya Mama Mumbua haijatangazwa. Kuanzia tarehe mosi Julai hakuna mtu aliyepangiwa bwawa namba nne, na nilipouliza nilijibiwa kwamba jambo hilo linashughulikiwa. Kazi ya miaka sita inaweza kuliwa kwa mchana mmoja, na hapa watu wa kuila hawajawahi kukosekana.

Mama Mumbua, asante kwa kuwapenda wakulima wetu kuliko sifa, na kwa kutufundisha kazi hata sisi tuliokuacha peke yako. Nisamehe kwa siku ile ya mkutano. Nenda ukapumzike Mbumbuni na wajukuu, Mungu akupe afya na miaka mingi ya kuamka bila haraka.

Jana tuliwahesabu wazazi pamoja mara ya mwisho: majike themanini na wanne, madume ishirini na wanane. Ulipoondoka nilichukua rangi ya mafuta nikaandika ukutani, pale pa kushukia bwawani, herufi kubwa: WAZAZI 112. Chini yake nimeweka tarehe na jina langu kamili. Anayetaka kuingiza wavu aje kwangu kwanza. Tarehe mosi asubuhi nitahesabu tena.

Gedion Mutiso,
Maabara